Zinki, macho na saa ya mwili: acha kidonge, rekebisha mwanga

Swali lililonifikia ni hili: "Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi, naishi Mwanza, na kila mwezi nina wiki mbili za zamu ya usiku. Nimesoma mtandaoni kwamba zinki ndiyo inayoendesha seli za jicho zinazopokea mwanga na kupanga saa ya mwili, kwa hiyo mtu wa zamu akimeza zinki atalala mchana bila shida. Nimenunua vidonge vya miligramu 50, nameza kimoja kila siku nikirudi kazini, mwezi wa pili sasa. Usingizi bado wa mang'amung'amu. Niongeze dozi, nibadilishe saa ya kumeza, au niache? Na mama yangu ana miaka 68, siku hizi jioni haoni vizuri. Naweza kumpa hivyo hivyo?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka: acha. Mwanamke mtu mzima anahitaji zinki miligramu 8 kwa siku (11 akiwa mjamzito, 12 akiwa ananyonyesha), na kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima, chakula na vidonge kwa pamoja, ni miligramu 40. Wewe una miezi miwili juu ya kiwango hicho. Ila soma vizuri lebo ya kopo lako: zinki huuzwa ikiwa chumvi, na miligramu 50 za zinki glukoneti zina zinki halisi kama 7 tu. Kama lebo inasema 50 za zinki yenyewe, basi ndizo hizo ninazozizungumzia. Kuhamisha saa ya kumeza hakutabadilisha chochote, na mama usimpe mpaka macho yake yapimwe. Sababu zake ndizo nitakazozieleza, maana ulichosoma hakikutungwa hewani. Zinki ina nafasi ya kweli jichoni, na ina nafasi ya kweli ndani ya saa ya mwili. Kilichopotoshwa ni hitimisho.

Tuanze na hizo seli. Kwa zaidi ya miaka mia moja vitabu vilitaja aina mbili tu za seli zinazonasa mwanga kwenye retina, tabaka la ndani nyuma ya jicho: seli za fimbo, zinazotuwezesha kuona penye giza, na seli za koni, zinazotupa rangi na kusoma maandishi madogo. Wengi wetu tuliosoma zamani tulifundishwa hivyo na tukafanyia mtihani. Katika miaka ya 1990 Russell Foster na wenzake wakaanza kuonyesha kwamba hesabu hiyo ina pengo. Panya waliopoteza seli za fimbo na za koni kwa kasoro ya kurithi, ambao hawakuona kitu, bado walisogeza saa yao ya mwili walipomulikwa. Walipoondolewa macho, uwezo huo ulikwisha. Mwaka 1995 Charles Czeisler wa Harvard akaonyesha jambo hilo kwa binadamu: baadhi ya watu wasioona hata mwanga wa taa, walipomulikwa usiku kwa taa kali, homoni ya melatonini, ambayo mwili huitoa usiku, ilishuka kwenye damu yao. Macho yao hayakuona, lakini yalikuwa yanapokea mwanga.

Mwaka 1998 Ignacio Provencio akaipata protini mpya inayohisi mwanga kwenye seli za ngozi ya chura. Akaiita melanopsini. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwenye retina ya binadamu, si kwenye fimbo wala koni, bali kwenye seli chache za ganglia, zile ambazo nyuzi zake hukusanyika na kuwa neva ya macho. Halafu mwaka 2002 ukafanyika utafiti ambao mimi huwa nausimulia kila ninapopata nafasi, kwa sababu ni mzuri. David Berson na wenzake walidunga rangi inayong'aa ndani ya ubongo wa panya, pale penye saa kuu ya mwili. Wakasubiri siku kadhaa rangi ile isafiri kinyumenyume kupitia nyuzi za neva hadi jichoni. Wakaitoa retina, wakatafuta seli zilizong'aa, wakazigusa moja moja kwa sindano nyembamba ya kioo inayopima umeme. Kisha wakaweka dawa za kukata mawasiliano yote kutoka kwa fimbo na koni. Wakawasha taa. Seli zile, bila kuambiwa lolote na jirani yeyote, ziliitikia mwanga zenyewe.

Tabia ya seli hizi ndiyo inayokuhusu wewe wa zamu. Kwenye jicho la binadamu ni elfu chache tu kati ya seli za ganglia zipatazo milioni moja. Hazitengenezi picha. Zinaanza taratibu, zinajumlisha mwanga kwa muda mrefu, na zinaendelea kutuma taarifa hata baada ya taa kuzimwa. Zinavutwa zaidi na mwanga wa buluu, wa mawimbi ya karibu nanomita 480, ambao jua la asubuhi unao tele. Taarifa yao inakwenda moja kwa moja kwenye kundi la neva takriban 20,000 lililokaa juu kidogo ya mahali neva mbili za macho zinapopishana. Hapo ndipo saa kuu ilipo. Kutoka hapo habari inashuka uti wa mgongo, inapanda tena kupitia shingoni, mpaka tezi ya painiali, ambayo hutoa melatonini usiku na kunyamaza mwanga ukiingia. Saa hii ikiachwa bila mwanga wowote haizunguki saa 24 kamili. Kwa watu wengi inapita kidogo, wastani wa saa 24 na dakika kumi hivi. Ndiyo maana lazima irekebishwe kila siku, na mrekebishaji wake mkuu ni mwanga.

Sasa zinki. Tishu za nyuma ya jicho, retina na tabaka lililo chini yake, ni miongoni mwa tishu za mwili zenye zinki nyingi. Wanyama wengine wamezidi hata hapo: macho ya mbwa yanapowaka kijani usiku ukimmulika kwa tochi, kinachorudisha mwanga ule ni tabaka la nyuma ya retina lililojaa zinki. Sisi tabaka hilo hatuna.

Kwenye seli za fimbo kazi ya zinki imethibitishwa kwa njia nyingi. Seli hizi hunasa mwanga kwa protini iitwayo rodopsini, ambayo imebeba kipande cha vitamini A. Zinki hushika sehemu za rodopsini na kusaidia ikae imara. Kimeng'enya kinachobeba ujumbe wa mwanga ndani ya seli kina zinki kwenye kiini chake cha kazi. Vitamini A yenyewe haiwezi kutoka ini na kusafiri vizuri kwenye damu bila protini ya kuibeba, na ini lenye upungufu wa zinki hutengeneza protini hiyo kwa shida. Ndiyo maana wagonjwa wa ini lililosinyaa, ambao hupoteza zinki nyingi, wamewahi kuonekana wakishindwa kuona gizani na kurudi kuona walipopewa zinki. Huko Nepal wajawazito wenye upofu wa usiku walipofuatiliwa, zinki peke yake haikufua dafu. Lakini wale waliokuwa na zinki ya chini kwenye damu, walipopewa zinki pamoja na vitamini A, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudiwa na uwezo wa kuona usiku.

Lipo pia jambo la mawasiliano. Seli za fimbo zina tabia ya ajabu kidogo: kwenye giza ndipo zinamwaga glutamati, kemikali ya kupelekea ujumbe kwa seli jirani, mfululizo, na mwanga ukija zinapunguza. Tafiti za retina za wanyama zinaonyesha kwamba zinki hutoka pamoja na glutamati hiyo, kisha inaibana milango ya kalsiamu ya seli ileile iliyoitoa, umwagaji unapungua. Breki ya ndani, kwa kifupi, inayozuia seli isijichoshe usiku kucha.

Makala uliyosoma ilichukua sifa hizi za seli za fimbo ikazivisha seli za melanopsini. Uhusiano upo, lakini ni wa kuzunguka. Melanopsini nayo hutumia kipande cha vitamini A, na seli zake hupokea pia taarifa kutoka kwa fimbo na koni, kwa hiyo mtu mwenye upungufu mkubwa wa zinki na vitamini A anaweza kutarajiwa kuwa na taarifa dhaifu ya mwanga inayofika kwenye saa kuu. Kutoka hapo hadi kusema kwamba mtu anayekula vizuri akiongeza zinki seli hizi zitafanya kazi zaidi, hapo ni kuruka mto bila daraja.

Tena upo ushahidi wa upande wa pili, na ningependa uusome mara mbili. Mwaka 2017 watafiti wa Boston, kwenye maabara ya Larry Benowitz, walichunguza panya waliojeruhiwa neva ya macho. Ndani ya saa moja hivi zinki huru ilijaa kwenye seli za jirani zinazozungumza na seli za ganglia, na siku zilizofuata ikahamia kwenye seli za ganglia zenyewe. Seli hizo zikaanza kufa. Watafiti walipoweka dawa ya kuidaka zinki hiyo, seli nyingi zaidi zilibaki hai na nyingine zikaanza kuotesha nyuzi upya. Ni zinki ileile. Ikiwa mahali pake na kwa kipimo chake inahudumia. Ikiachiliwa huru ndani ya seli inaua. Simaanishi kwamba kidonge chako kimekuumiza neva ya macho, kwa sababu jeraha la panya wale halikutokana na lishe. Namaanisha kwamba jicho halina mpango wa "zaidi ndiyo bora".

Saa ya mwili yenyewe ndipo zinki ilipo karibu zaidi na moyo wa jambo. Kila seli ya mwili ina saa yake ndogo, na namna inavyokwenda ndiyo iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017, kwa kazi yao juu ya nzi wadogo wa matunda. Kwa binadamu na wanyama wenzetu wanaonyonyesha mambo yako hivi: protini mbili zinawasha jeni kadhaa, kati ya jeni hizo zinatoka protini nyingine mbili, PER na CRY, hizi zinashikana, zinaingia kwenye kiini cha seli, na kuzizima zile zilizoziwasha. Polepole PER na CRY zinaoza, breki inalegea, mzunguko unaanza upya. Yote hayo huchukua karibu siku nzima.

Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walipochora umbo la CRY1 ikiwa imeshikana na PER2, atomu kwa atomu, walikuta katikati ya mshikano huo ioni moja ya zinki. Imeshikiliwa pande nne: viungo viwili kutoka CRY na viwili kutoka PER. Zinki ikiwapo, mshikano unakaa. Ikitoka, unalegea. Na protini nyingine za saa hiyo, zile za familia ya REV-ERB, hushika DNA kwa mikunjo midogo ambayo kila mmoja umefungwa kwa ioni ya zinki. Mtu anayesema zinki imo ndani ya saa ya mwili hajakosea hata kidogo.

Ila angalia imo kwa namna gani. Ni bawaba. Mlango usio na bawaba haufungi wala kufungua, lakini ukimwaga debe zima la bawaba kizingitini, mlango hautafunguka saa unayotaka wewe. Mwili wa mtu mzima una zinki gramu 2 hivi, na karibu yote imeshikwa na protini. Zinki huru ndani ya seli ni kidogo mno, na kuna protini maalumu zenye kazi ya kuidaka, kuihifadhi na kuisukuma nje. Unapomeza miligramu 50, utumbo unapunguza asilimia inayopita, na inayopita inawekwa chini ya ulinzi. Haiendi kubana PER na CRY zako ili usiku ugeuke mchana.

Kuhusu usingizi wenyewe, utafiti upo na sitaki kuudharau. Kikundi cha Tsukuba, Japani, kiliwapa panya hamira yenye zinki na panya walilala zaidi. Utafiti mwingine wa hukohuko uliwapa watu chakula chenye chaza wenye zinki, na walipata usingizi mapema kidogo kuliko wenzao. Italia, wazee wenye shida ya usingizi waliokuwa kwenye nyumba ya kulelea walipewa melatonini, magnesi na zinki kwa pamoja, wakalala vizuri zaidi. Lakini katika mchanganyiko huo wa vitu vitatu, ambao mmoja ni homoni ya usiku yenyewe, huwezi kumpa zinki sifa. Na hakuna kati ya tafiti hizi iliyomchukua mtu anayekesha wodini akitoka saa mbili asubuhi kwenye jua la Mwanza.

Na hapo ndipo tatizo lako lilipo. Karibu saa kumi au kumi na moja alfajiri joto la mwili wa mtu aliyezoea kulala usiku hufika chini kabisa. Mwanga ukimpata kabla ya hapo, saa ya mwili inacheleweshwa: usingizi wa kesho utakuja baadaye. Ukimpata baada ya hapo, inawahishwa: usingizi utakuja mapema, na kuamka mapema. Mtu wa zamu ya usiku anahitaji kuchelewesha. Wewe unakesha wodini kwenye taa za laksi (kipimo cha mwanga) mia mbili au tatu, mwanga ambao kwa seli za melanopsini ni hafifu, halafu saa mbili asubuhi unatoka nje ambako kuna laksi elfu kumi na zaidi, na mchana wa wazi zinafika laki moja. Nusu saa ya kusubiri daladala inatosha kuiambia saa yako kwamba siku imeanza. Unafika nyumbani, unameza zinki, unafunga macho, na ubongo unajiandaa kufanya kazi.

Kwa hiyo geuza mwanga. Mwanzoni mwa zamu, tangu unapoingia mpaka kama saa tisa usiku, kaa penye taa kali uwezavyo. Andika mafaili chini ya taa nyeupe ya chumba cha dawa badala ya kona yenye giza. Kama kitengo kinaweza kununua taa ya mezani yenye mwanga mweupe mkali, robo saa mbele yake kila saa moja inatosha kuleta tofauti. Baada ya saa tisa punguza mwanga kadiri kazi inavyoruhusu, bila kuhatarisha mgonjwa. Ukichoma sindano au kusoma dozi, washa. Unapotoka asubuhi vaa miwani meusi kabla ya kuvuka mlango, si baada ya kufika kituoni. Kofia yenye ukingo mpana inasaidia pia, kwa sababu seli hizi hupokea sana mwanga unaotoka juu. Ikiwa unaendesha mwenyewe na usingizi umekubana, usivae miwani ili upate usingizi zaidi, usiendeshe kabisa.

Chumbani weka giza la kweli. Mapazia ya kawaida hapa kwetu hupitisha mwanga mwingi. Kitenge cheusi mara mbili, kimefungwa mpaka kwenye kuta za pembeni pasibaki mwanya, hufanya kazi ya pazia la bei kubwa. Kahawa iishie nusu ya kwanza ya zamu. Siku za mapumziko zilizo katikati ya wiki hizo mbili usikimbilie kurudi kwenye ratiba ya familia nzima: lala saa tisa usiku, amka saa sita mchana. Charmane Eastman wa Chicago, aliyefanya kazi nyingi kwa wafanyakazi wa usiku, alionyesha kwamba kukutana nusu njia namna hiyo kunawasaidia watu walale vizuri zaidi mchana na wawe macho zaidi kazini. Zamu ya mwisho ikiisha, geuza tena: lala muda mfupi tu asubuhi hiyo, vua miwani, toka nje juani mchana.

Tafadhali usiniambie majirani watakuona mtu wa ajabu kwa miwani meusi saa mbili asubuhi. Watazoea.

Turudi kwenye miezi miwili ya zinki. Zinki nyingi huzuia shaba isipite kwenye utumbo. Shaba ikipungua kwa muda mrefu damu hupungua, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria hushuka, na wengine hupata ganzi miguuni na kutembea wakiyumba, kwa sababu uti wa mgongo umeathirika. Kwa miezi miwili kwa dozi yako sitarajii makubwa, lakini wewe uko hospitali, basi pima picha kamili ya damu. Ganzi au kuyumba kukianza, usisubiri: muone daktari na umtajie zinki. Ukipima zinki yenyewe, chukua damu asubuhi kabla ya kula, kwa maana zinki ya damu ina mzunguko wake wa kutwa na hushuka baada ya chakula. Sampuli ya alasiri inaweza kukuonyesha upungufu ambao haupo. Na kwa wagonjwa wako kumbuka kwamba zinki ikimezwa pamoja na antibiotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini huishika dawa tumboni isifanye kazi. Viachanishwe kwa saa mbili au zaidi.

Vile vidonge vya miligramu 20 tunavyowapa watoto wenye kuhara, siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari, vimeokoa watoto wengi. Vina kazi yake na muda wake. Visihamishwe kuwa vya usingizi.

Zinki ya kila siku iko jikoni. Mwanza mna dagaa, na dagaa anayeliwa mzima ni chanzo kizuri sana. Nyama ya ng'ombe na mbuzi, mayai, maharage, mbegu za maboga; kwa watu wa pwani chaza, ambao kwa zinki hawana mfano. Tatizo la chakula chetu mara nyingi si zinki kukosekana bali fitati, kemikali iliyomo kwenye nafaka zisizokobolewa na kunde, inayoishika zinki isipite. Kuloweka maharage na kumwaga maji, kuotesha ulezi uwe kimea, kuchachusha uji na kunywa togwa, yote hupunguza fitati. Bibi zetu walifanya hivyo kwa ladha na kwa kutunza chakula, na faida ya zinki ikaja humohumo. Unga uliorutubishwa unaouzwa madukani hapa Tanzania, Kenya na Uganda pia umeongezwa zinki.

Upungufu wa kweli upo, na una sura yake. Uliandikwa mara ya kwanza na Ananda Prasad, daktari aliyefika Shiraz, Iran, mwaka 1958 na kukutana na kijana wa miaka 21 mwenye umbo la mtoto wa 10. Kijana yule aliishi kwa mkate usiochachushwa na alikuwa akila udongo. Udongo pia unaishika zinki. Nalisema hili kwa wajawazito unaowahudumia, wale wanaonunua vipande vya udongo sokoni kila siku: waulize kuhusu kuona usiku, waulize kwa upole, kwa sababu wengi huficha.

Sasa mama. Mtu wa miaka 68 asiyeona vizuri jioni ana sababu nyingi zinazowezekana kabla ya kufika kwenye zinki. Mtoto wa jicho ndiye wa kwanza. Presha ya jicho huja kimya, na kuona kunakopotea hakurudi. Kisukari huharibu retina. Huenda hata miwani yake ni ya zamani tu. Zinki ya dozi kubwa ina ushahidi kwa ugonjwa mmoja, kuchakaa kwa kitovu cha retina kunakoletwa na umri. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2001 uliwapa wagonjwa miligramu 80 za zinki, shaba miligramu 2 ili isipungue, na vitamini kadhaa. Waliokuwa na hatua ya kati ya ugonjwa, au waliokwisha kuharibika jicho moja, walipunguza hatari ya kusonga mbele kwa takriban robo katika miaka 5. Waliokuwa na hatua ya mwanzo au hawana ugonjwa kabisa hawakufaidika. Mtoto wa jicho haukupungua. Waliomeza zinki walilazwa zaidi kwa matatizo ya njia ya mkojo. Dawa ya namna hiyo inaandikwa na daktari wa macho aliyeona retina, akajua ni hatua gani.

Na kama atakutwa na mtoto wa jicho, hapo seli zile za melanopsini zinarudi kwenye habari ya mama pia. Lenzi ya uzeeni inakuwa ya njano, na njano hiyo inameza mwanga wa buluu, ule ambao saa ya mwili inauhitaji. Wazee wengi wanaolala mchana na kukesha usiku wanapokea mwanga mdogo kuliko tunavyodhani, tena wengi wao hukaa ndani kutwa. Tafiti kadhaa zimeona usingizi ukiboreka kwa baadhi ya watu baada ya kutolewa lenzi hiyo na kuwekewa mpya. Wakati anasubiri miadi, mtoe nje asubuhi, akae barazani au chini ya mti kwa saa moja, uso ukielekea penye mwanga bila kulikodolea jua.

Mpeleke kliniki ya macho wiki hii, hata kama uko zamu. Muombe ndugu amsindikize. Waambie wampanue mboni, wampime presha ya macho na sukari. Beba dawa zake zote kwenye mfuko. Na umuulize kama amewahi kutumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuumiza neva ya macho, na mojawapo ya maelezo yanayotolewa ni kwamba hushika zinki na shaba ndani ya seli zake. Akiwa anaitumia sasa na kuona kwake kumepungua, daktari anayemtibu kifua aambiwe siku hiyohiyo.